Kushindwa si aibu. Aibu ni kumlaumu mpiga kura

Kiongozi anapojiuzulu baada ya kushindwa katika kura, watu wengi huridhika na kitendo hicho peke yake. Husema kwamba ametenda la kiungwana na shauri limekwisha. Mimi naona kwamba hapo ndipo shauri linapoanza. Barua ya kujiuzulu ni karatasi. Hapana budi tuyapime pia maneno yanayofuatana nayo, na hali anayoiacha kiongozi huyo nyuma yake.

Hebu tutazame mambo yalivyokuwa Scotland mwaka 2014. Nchi hiyo iliunganishwa na Uingereza mwaka 1707. Chama cha Kitaifa cha Scotland, kilichoundwa mwaka 1934, kilidai uhuru kwa miaka mingi bila ya kupata nguvu ya kuutekeleza. Mwaka 2011 chama hicho kilipata viti 69 kati ya 129 vya Bunge la Edinburgh, na kiongozi wake, Alex Salmond, aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu mwaka 2007, akawa na uwezo wa kudai kura ya maoni. Oktoba 2012 yeye na Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, walitia saini mapatano kwamba kura ipigwe na matokeo yaheshimiwe na pande zote mbili.

Kura ikapigwa tarehe 18 Septemba 2014. Hata vijana wa miaka 16 waliruhusiwa kushiriki, na asilimia 84.6 ya walioandikishwa wakajitokeza. Walioukataa uhuru walikuwa 2,001,926, yaani asilimia 55.3. Waliouunga mkono walikuwa 1,617,989. Hata wilaya ya Aberdeenshire, alikotoka Salmond kama mbunge, ilisema hapana. Siku iliyofuata alitangaza kwamba angeuacha uongozi wa chama na wa serikali.

Hapana sheria iliyomlazimisha kufanya hivyo. Swali la kura lilihusu uhuru wa nchi, halikuhusu kazi yake. Chama chake kilikuwa bado na wingi wa viti, na uchaguzi mwingine ulikuwa haujafika mpaka mwaka 2016. Angeweza kabisa kukaa.

Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba huko ni kukimbia. Kwamba nahodha haachi chombo kikiwa katika dhoruba, na kwamba watu zaidi ya milioni moja na nusu waliomwamini walistahili kuongozwa naye katika siku ya majonzi. Hoja hiyo ina uzito, na historia ya jimbo la Quebec, huko Kanada, yaweza kuitetea. René Lévesque alishindwa vibaya katika kura ya maoni ya Mei 1980, akapata asilimia 40 tu, wala hakujiuzulu. Lakini tuangalie alichofanya. Kabla ya mwaka kupita aliwarudia wananchi walewale waliomkatalia, akaomba kura za kuendelea kuongoza serikali, nao wakampa ushindi mkubwa Aprili 1981. Lévesque alikaa kwa idhini mpya ya wenye mali. Anayekaa bila ya kuomba idhini hiyo hawezi kujificha nyuma ya mfano wake.

Sasa tumtazame kiongozi mwingine wa Quebec hiyohiyo, Jacques Parizeau. Tarehe 30 Oktoba 1995 alishindwa kwa tofauti ndogo mno: kura 54,288 kati ya karibu milioni tano. Usiku uleule alisimama mbele ya wafuasi wake akasema kwamba wameshindwa kwa sababu ya fedha na kura za watu wa makabila mengine. Kesho yake akatangaza kujiuzulu.

Ukiihesabu siku, Parizeau na Salmond walifanya jambo moja. Ukilipima jambo lenyewe, tofauti ni kubwa. Parizeau alirudisha cheo, lakini kwa sentensi moja aliwagawa wananchi wake mafungu mawili: wenye nchi, na wale ambao kura yao ilihesabika kuwa kosa. Mhamiaji aliyelipa kodi na kusomesha watoto wake Quebec aliambiwa usiku ule kwamba yeye ni mgeni. Chama kilichotaka kujenga taifa kilibaki na kazi ya kujitakasa kwa maneno ya kiongozi wake, na katika miaka thelathini iliyofuata Quebec haikupiga kura nyingine ya uhuru. Sisemi kwamba maneno yale ndiyo sababu pekee. Nasema kwamba yaliwapa wapinzani silaha ambayo hawakuwa nayo asubuhi ya siku ile.

Salmond aliyakubali matokeo, wala hakuondoka kwa papara. Alibaki kazini kwa miezi miwili, chama kikachagua mrithi kwa utaratibu wake, na tarehe 20 Novemba 2014 Nicola Sturgeon, aliyekuwa naibu wake tangu mwanzo wa serikali ile, akaapishwa. Wanachama waliokuwa kama 25,000 kabla ya kura walipita 100,000 katika miezi michache. Mei 2015 chama hicho kikachukua viti 56 kati ya 59 vya Scotland katika Bunge la London. Hoja iliyoshindwa ilikuwa imepata pumzi mpya kwa sababu haikuzikwa pamoja na cheo cha mtu mmoja.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Siku mbili baada ya kutangaza kujiuzulu alidai kwamba wapiga kura walihadaiwa kwa ahadi za viongozi wa London, kauli iliyokaribia mpaka ambao Parizeau aliuvuka. Mwaka 2018 alikihama chama alichokijenga, na mwaka 2021 akaongoza chama kingine, Alba, kushindana nacho katika uchaguzi, kisipate hata kiti kimoja. Alifariki Oktoba 2024 akiwa bado mbali na wenzake wa zamani. Kujiuzulu ni kitendo cha siku moja, lakini kumheshimu aliyekurithi ni kazi ya miaka.

Ndugu zangu watumishi wa serikali na walimu, mambo haya si ya mawaziri peke yao. Ni mara ngapi tumemwona mkuu wa kazi ambaye shauri lake limekataliwa kikaoni, akaomba uhamisho kwa hasira, akaondoka na funguo za kabati mfukoni na majalada hayajulikani yalipo? Ni mara ngapi mwenyekiti wa ushirika aliyeangushwa amesimama mbele ya wanachama na kuwaambia kwamba wamenunuliwa? Huyo naye amejiuzulu. Lakini ameondoka kama mtu aliyenyang'anywa mali yake, hali cheo ni dhamana.

Basi anapotokea kiongozi wa kujiuzulu, tusiharakishe kupiga makofi. Tumwulize mambo matatu. Je, ameyakubali matokeo bila ya kumtukana aliyempinga? Je, amekabidhi kazi kwa utaratibu, mrithi akajua pa kuanzia? Je, hoja aliyoipigania imebaki mikononi mwa watu, au ameondoka nayo kana kwamba ni yake peke yake? Aliyempinga jana ni mwananchi sawa na aliyemuunga mkono, na kiongozi asiyeweza kumwita hivyo usiku wa kushindwa hakustahili kura yake tangu asubuhi.