Ukurasa Wako, Ufunguo kwa Mwenzio



Leo kuna watakaoninunia. Sisi wanawake wa visiwani tukinunua simu mpya tunampa kijana wa dukani "atuwekee kila kitu". Anafungua imeili, anafungua Instagram, nenosiri anachagua yeye, namba ya kurejeshea akaunti anaweka yake. Nasi tumesimama pembeni, ahsante mwanangu, Allah akubariki.

Shoga yangu mmoja anauza udi, ukurasa wake ulifunguliwa hivyo hivyo. Siku aliyotaka kubadilisha nenosiri, tarakimu za siri zikaenda kwenye simu ya kijana, na kijana keshahamia bara, namba haipatikani. Wateja wa miaka 3 wakapotea. Wala hakuibiwa! Ufunguo haukuwa wake tangu mwanzo.

Na biashara ndiyo dogo. Picha zako za singo, za harusini, kichwa wazi: kama hifadhi ya Google imewashwa, simu inazipeleka yenyewe kwenye akaunti. Mwenye nenosiri anaweza kuzitazama kwenye simu yake, na wewe huna habari. Njiani unajifunika mpaka vidole, kisha albamu nzima iko kwa mtu asiye maharimu wako.

"Namwamini, mtoto wa jirani." Mwamini. Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Lakini utamdai vipi amana ambayo hata hukujua kama umempa?

Na usidhani wakubwa ni salama zaidi. Kwenye kashfa ya Cambridge Analytica ya 2018, watu kama 270,000 waliingia kwenye programu ya maswali kwa akaunti zao za Facebook. Facebook yenyewe ikasema huenda taarifa za watu milioni 87 zilichukuliwa, wengi wao marafiki tu wa walioingia. Kila unapobonyeza "ingia kwa Facebook" ili ujue jina lako lina nyota gani (na hiyo nyota nayo tutaizungumza siku nyingine), kumbuka kisa hicho.

Usiku huu fungua mipangilio. Weka namba yako, badilisha nenosiri, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na utoe usivyovijua. Hujui? Binti yako akae karibu akuelekeze, lakini kidole kinachobonyeza kiwe chako.

Kijana wa dukani akinuna, mwambie nimekutuma mimi.