Barazani: Bembea Iliyorudi Nyumbani

 

Mwezi huu tuzungumze juu ya michezo. Kumbuka utoto wako. Labda kijijini kwenu palikuwa na mwembe mkubwa. Kamba ilifungwa kwenye tawi lake, ikawa bembea. Watoto walipanga foleni na kila mmoja alisubiri zamu yake. Siku mwembe ule ulipokatwa, watoto walihuzunika. Hata leo ukipita pale, moyo unakumbuka.

Watu wa nchi nyingine nao wana kumbukumbu kama hizo. Leo nitakusimulia habari za kiwanja kimoja cha michezo huko Marekani. Kiwanja hicho kilifungwa zamani, lakini watu bado wanakizungumza. Habari zake ni tamu, na zina uchungu pia.

Kiwanja hicho kinaitwa Glen Echo. Kipo katika jimbo la Maryland, kando ya mto Potomac. Ni karibu na Washington, mji mkuu wa Marekani. Zamani gari la umeme lilipita juu ya reli kutoka mjini hadi hapo. Wakati wa joto, watu walipanda gari hilo pamoja na watoto wao. Walikwenda kushinda huko na kucheza.

Je, walicheza nini? Palikuwa na vigari vidogo vya umeme vya kugongana. Palikuwa na treni ndogo iliyopanda juu sana, kisha ikashuka kwa kasi. Abiria walipiga kelele za woga na za furaha. Mwaka 1931 lilijengwa bwawa la kuogelea lililotosha watu 3,000. Mwaka 1933 ulijengwa ukumbi mkubwa wa dansi. Vijana wengi walionana na wachumba wao katika ukumbi huo.

Lakini kitu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa bembea ya kuzunguka. Bembea hiyo iliwekwa hapo mwaka 1921. Ni kama sakafu kubwa ya mviringo inayozunguka. Juu yake wamesimama wanyama waliochongwa kwa mbao na kupakwa rangi. Wapo farasi wengi, sungura 4 na mbuni 4. Yupo simba 1, chui milia 1, kulungu 1, na hata twiga 1. Mtoto hupanda mgongoni mwa mnyama anayempenda. Katikati kipo kinanda kikubwa chenye sauti ya bendi nzima. Hakipigwi na mtu. Kinajipiga chenyewe kwa kufuata karatasi yenye matundu.

Ndugu msomaji, mtoto aliyepanda simba yule hawezi kumsahau. Watu wengi waliozeeka bado wanakumbuka mnyama waliyempanda walipokuwa wadogo.

Sasa sikiliza upande wa uchungu. Si watoto wote waliopanda. Kwa miaka mingi Glen Echo ilikuwa ya watu weupe tu. Watu weusi hawakuruhusiwa kuingia. Mtoto mweusi alisikia muziki kutoka nje. Alimwuliza mama yake, "Mbona sisi hatuingii?" Mama angejibu nini?

Tarehe 30 Juni, 1960, vijana waliamua kutoa jibu. Wengi wao walikuwa wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, kilichopo Washington. Waliingia kiwanjani, wakaenda moja kwa moja kwenye bembea ya kuzunguka. Wakapanda wanyama wale wa mbao. Tiketi walikuwa nazo mkononi, kwa sababu marafiki zao weupe walikuwa wamewanunulia. Mlinzi akawaamuru watoke. Hawakutoka, wala hawakupigana. Walikaa kimya juu ya wanyama, na bembea haikuzunguka. Watu 5 walikamatwa.

Tangu siku hiyo vijana walisimama langoni wakiwa na mabango. Walisimama hapo juani, wiki baada ya wiki. Hawakuwa peke yao. Watu weupe wa mtaa wa Bannockburn, uliopo jirani, walikuja kusimama pamoja nao. Walikuja akina mama, akina baba na hata watoto. Wabaguzi nao walikuja kuwapinga, lakini vijana hawakurudi nyuma.

Mwaka uliofuata, 1961, milango ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1964 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilifuta hukumu ya wale 5 waliokamatwa. Mmoja wao, dada Gwendolyn Greene, baadaye aliolewa akaitwa Gwendolyn Britt. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa seneta katika Bunge la jimbo la Maryland. Jimbo lilelile lililomkamata kwa kupanda bembea sasa lilimpa kazi ya kutunga sheria!

Kiwanja hakikudumu sana baada ya hapo. Gari la umeme lilikuwa limeacha kwenda huko tangu mwaka 1960. Mwaka 1966 zilitokea vurugu siku ya Jumatatu ya Pasaka. Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa mwisho. Kiwanja kilifungwa, vyombo vikaanza kuuzwa. Mwaka 1970 bembea ya kuzunguka nayo ikauzwa.

Wananchi wa pale waliposikia hivyo, hawakukaa wakilia tu. Diwani mmoja, Bi Nancy Long, aliongoza kazi ya kuchangisha fedha. Zilipatikana dola 80,000. Bembea ikanunuliwa tena, ikabaki mahali pake. Serikali ya Marekani ikakichukua kiwanja kiwe mali ya umma.

Kazi haikuishia hapo. Wanyama wale walikuwa wamepakwa rangi mara nyingi, moja juu ya nyingine. Kuanzia mwaka 1983 hadi 2003, fundi alibandua rangi hizo kwa uangalifu. Chini kabisa aliikuta rangi ya mwanzo, akaifuata. Kazi hiyo ilichukua miaka 20. Leo treni ya kupanda na kushuka haipo. Bwawa halipo. Lakini ukumbi wa dansi upo, na watu wanacheza dansi. Bembea nayo inazunguka, na mtoto wa rangi yoyote anapanda.

Ndugu msomaji, tunajifunza nini?

Kwanza, kumbukumbu nzuri ya mtu mmoja inaweza kuwa kumbukumbu chungu ya jirani yake. Wote wawili walikuwa karibu na bembea ileile. Mmoja alikuwa juu yake, mwingine alikuwa nje ya uzio. Ukisimulia habari za zamani, simulia pande zote mbili.

Pili, mahali pa michezo hapajilindi penyewe. Vipo vijiji ambavyo uwanja wa mpira umegawiwa viwanja vya nyumba. Wazee wanasikitika, lakini siku ya mkutano walikuwa kimya. Watu wa Glen Echo walichanga bembea ilipouzwa tu. Wangengoja zaidi, leo wangekuwa na picha tu.

Basi, mkikutana darasani au kwenye mkutano wa kijiji, jadilini maswali haya. Watoto wetu wanacheza wapi? Mahali hapo pameandikwa kuwa mali ya kijiji, au panategemea huruma ya mtu mmoja? Na je, ni nani anayetazama tu bila kucheza? Labda ni binti anayebaki nyumbani kulea mdogo wake. Labda ni mtoto mwenye ulemavu ambaye hakuna anayembeba hadi uwanjani.

Mtoto huyo naye atazeeka. Naye atasimulia habari za kijiji chetu. Tumpe zamu yake angali mdogo.

Kwaheri, mpaka mwezi ujao.