Barua ya Wazi kwa Kamati ya Fedha: Mlipa Kodi Asiye na Risiti

Nairobi, 10 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa,
Bunge la Taifa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mswada wa Fedha unatakiwa ufike Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na ndiyo sababu ninakuandikia mapema. Kila msimu wa bajeti huja na wimbo ule ule: watu wa jua kali wako nje ya mfumo wa kodi, sharti waingizwe. Waheshimiwa, wamo ndani tangu zamani. Waliingia kwa mlango wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na mlango huo haumuulizi mtu anapata kiasi gani.

Pita jioni kwenye kibanda chochote cha Mukuru. Mteja ametoka kazi ya mjengo. Anataka mafuta ya kupima ya shilingi 20, robo ya sukari na kipande cha sabuni. Mwenye kibanda anamimina mafuta kwa kikopo, anakata mche wa sabuni kwa kisu, anafunga sukari kwa karatasi. Risiti hakuna, wala hakuna anayetaja kodi. Lakini mafuta hayo, sukari hiyo na sabuni hiyo hutozwa VAT ya asilimia 16 kabla hazijafika kibandani. Mauzo ya mwenye kibanda huyu hayakaribii shilingi milioni 5 kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT. Kwa kuwa hakusajiliwa, hawezi kudai kurudishiwa alichotozwa, kwa hivyo anakitia kwenye bei. Mzigo unamwishia kibarua.

Sasa tufanye hesabu. Mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara (PAYE) hata senti, kwa sababu nafuu ya shilingi 2,400 inamkinga hadi mshahara uvuke 24,000. Sheria yenyewe inakiri kwamba mtu huyu hana cha kutozwa. Lakini akitumia 8,000 kwa bidhaa zenye VAT, zaidi ya shilingi 1,100 kati ya hizo ni kodi. Huo ni ujira wa zaidi ya siku moja ya kazi. Tulichomsamehe kwenye mshahara tumekichukua dukani.

Nimesikia hoja kwamba tajiri hununua vingi, kwa hivyo hulipa VAT nyingi zaidi. Kwa shilingi, ni kweli. Lakini wa nusu milioni kwa mwezi hali mshahara wote: sehemu anaweka akiba, sehemu ananunua hisa, na hizo hazipiti kaunta ya duka. Wa 20,000 hana cha kubakiza.

Mafuta ya gari ndiyo yaliyozidisha uchungu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16. Nauli ya matatu imesamehewa VAT, na ukisikia hivyo unadhani abiria amepona. Kumbe msamaha huo ndio unaomzuia mwenye matatu kudai VAT aliyolipa kwenye pampu, basi anaitafuta kwa abiria. Simama alfajiri Barabara ya Enterprise uone vikosi vya watu wanaoingia Industrial Area kwa miguu. Wengi hawatembei kwa kupenda mazoezi. Kila mamlaka ya nishati, EPRA, inapotangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya mwezi, wapo wanaohesabu upya ni siku ngapi wataweza kupanda gari.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate nao utozwe asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, na baada ya maandamano ya Juni Rais akakataa kutia saini mswada mzima. Vijana walikufa barabarani. Sitaki tufike huko tena ili Bunge lijue bei ya mkate inamgusa nani.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, rudisheni VAT ya mafuta ya gari kwenye asilimia 8. Pili, unga na mkate vibaki kwenye orodha ya asilimia sifuri, wala visihamishiwe kimyakimya kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa. Kwa mnunuzi majina hayo mawili yanafanana, lakini bidhaa ikisamehewa mtengenezaji hawezi kurudishiwa VAT ya umeme na mifuko aliyonunua, na bei hupanda bila mtu kusema kodi imeongezwa. Tatu, kila kifungu kinachogusa VAT kije na hesabu ya wazi, kwa Kiswahili, ya kitakachomtoka kwa mwezi mtu anayepata chini ya 24,000. Hazina ina wataalamu wa kuifanya hesabu hiyo. Ikishindwa kuionyesha, kifungu kisipite.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mkija kuchukua maoni ya umma, msiishie kwenye kumbi za hoteli. Njooni Mukuru, saa za jioni baada ya kazi, mtuwekee hesabu hiyo mezani, nasi tutawajibu bidhaa kwa bidhaa.

Wako mwaminifu,
Mlipa kodi, Nairobi