Kodi Msiyoiona: Barua kutoka Coventry

Ndugu zangu wa Tanga,

Kwenye kundi letu la WhatsApp, mjomba ameandika kwamba sisi wa Uingereza tunastarehe kwa sababu serikali inatupa kila kitu. Shikamoo, mjomba. Kabla ya kunipa, inanikata.

Inanikata kwenye mshahara kabla sijauona. Nikinunua viatu, ndani ya bei mna VAT ya asilimia 20. Kisha ikifika Machi halmashauri inaniletea hati ya kodi ya nyumba. Msidhani nimejenga! Huku kodi hiyo kwa kawaida hulipwa na anayekaa ndani, hata kama ni mpangaji. Nyumba zimepangwa madaraja, A mpaka H, kwa thamani zilizokuwa nazo Aprili 1991, na hapa England hakuna aliyepata ujasiri wa kuzithaminisha upya.

Lakini hati yenyewe naipenda. Polisi wana mstari wao, zimamoto wana wao. Ukifuatilia zaidi unaona sehemu kubwa ya fedha za halmashauri inakwenda kutunza wazee, wasiojiweza na watoto walio hatarini. Barabara na maktaba zinagombea makombo.

Na kulipa si dawa ya kila kitu. Jirani zetu wa Birmingham wanajua. Septemba 2023 halmashauri yao ilitangaza kwamba fedha hazitoshelezi matumizi. Mwaka uliofuata kodi ikapanda karibu asilimia 10, huku huduma zikipunguzwa. 2025 wazoa taka wakagoma, mifuko ikarundikana mitaani, panya wakala wakashiba.

Hasira ya watu, hata hivyo, ina mahali pa kwenda. Sheria inaitaka halmashauri ifungue vitabu vyake vya hesabu kwa siku 30 za kazi kila mwaka, na mpiga kura wa eneo hilo anaweza kupeleka pingamizi kwa mkaguzi. Malipo yanayozidi pauni 500 yanatangazwa hadharani. Mimi Mtanzania mwenye kibali cha kuishi napiga kura huku kwa sababu nchi yetu imo kwenye Jumuiya ya Madola.

Sasa nyinyi. Nasikia watu wakisema wanakijiji hawalipi kodi, eti mlipa kodi ni mwenye TIN, yaani namba ya mlipa kodi, na duka. Si kweli. Shangazi akinunua sabuni au vocha, VAT ya asilimia 18 imeshakatwa. Mwenye umeme, tangu 2021 kodi ya majengo inachukuliwa anaponunua umeme wa LUKU. Mnalipa asubuhi na jioni, mnalipa bila kujua.

Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu, Julai 2021? Nchi nzima ilipiga kelele, na haukupita muda serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Mimi nadhani kelele zile zilitoka kwenye ujumbe wa simu: umetuma kiasi hiki, tozo ni kiasi hiki. Mtu aliiona shilingi yake ikiondoka. VAT ya soda imekaa miaka na miaka hakuna aliyeipigia kelele, maana imejificha ndani ya bei. Na kodi usiyoiona huidai kitu. Zahanati ikikosa dawa tunasema serikali haijatusaidia, kana kwamba tulikuwa tunaomba sadaka.

Nyumbani sheria ipo vilevile. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Lakini ajenda hiyo naikumbuka tangu nikiwa kijana: inafikiwa jua limezama, wazee wanawahi magharibi, wanasema "imepita, imepita". Ubishi wote umeshaishia kwenye mipaka ya mashamba.

Mjomba, mchango wa choo cha shule mliotuomba tumeshaukusanya na wenzangu wa huku, nitautuma. Ila naomba mkutano ujao mapato na matumizi yawe ajenda ya kwanza, watu wakiwa bado na nguvu ya kuuliza. Fedha za choo hicho hicho zilizoingia mwaka jana zisomwe pia. Halafu kijana mmoja mwenye simu nzuri aipige picha taarifa hiyo ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo, atuwekee kwenye kundi. Asogee karibu, tarakimu zisomeke.