Mjue Waziri Wako wa Kaunti

Gavana wako ni nani? Umemtaja kabla sijamaliza kuuliza. Haya, waziri wa afya wa kaunti yako je? Na wa maji? Hapo wengi wetu tunatazama pembeni.

Dawa zikiisha zahanatini, tunamlaumu gavana. Bomba likikauka, gavana. Barabara ya wadi ikigeuka tope, ni yeye huyo huyo. Mzigo wote tunamtwika mtu mmoja, na wanaolipwa kumsaidia kuubeba wanapita sokoni bila kuulizwa lolote.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikumwacha gavana peke yake. Kifungu cha 179 kinampa naibu na mawaziri wasiozidi 10. Yeye huwateua kutoka nje ya bunge la kaunti, nalo bunge huwaidhinisha. Idara zao zinashughulikia kilimo, zahanati, maji, barabara za kaunti, masoko, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili na polisi ni za serikali kuu. Ukipeleka malalamiko kuhusu hayo kwa kaunti, umebisha kwa jirani.

Basi nakuomba, wiki hii yatafute majina ya mawaziri wa kaunti yako. Muulize mwakilishi wadi wako. Yaandike pamoja na idara zao, kisha yabandike dukani, yasome kwenye mkutano wa chama.

Ukishamjua mhusika, mwandikie. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa Kiswahili hiki hiki, na kupeleka ombi hakutozwi ada. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Nyanya asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa wa ofisi hiyo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Uliza kwa adabu, uliza jambo moja: zahanati yetu ilitengewa pesa ngapi, na dawa zitafika lini? Jibu likija, lisome barazani watu wote walisikie. Waziri akitimiza, mshukuru kwa jina. Akikaa kimya, mpe mwakilishi wadi nakala ya barua yako akamuulize bungeni.

Mara nyingine rafu ya dawa ikiwa tupu, usiishie kuguna kwenye foleni. Omba kalamu, na juu ya karatasi uandike jina la mwenye idara.