Kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi

Ndugu zangu, hapa Kakuma kuna neno linalosikika kila mwisho wa mwezi: "Naacha." Analisema mwalimu wa insentivu, analisema mkalimani wa kliniki, analisema yule wa kuhamasisha usafi kwenye mabloki. Sababu huwa ile ile. Mafunzo ya Nairobi amepewa mtu wa nyumbani kwa supavaiza, ukiongozi wa timu umeenda kwa aliyeanza kazi juzi, na wewe wa miaka minne unaambiwa subiri.

Hasira hiyo ni halali. Lakini tutenganishe mambo, maana tunayachanganya sana.

Kuna jambo la malipo. Mkimbizi na Mkenya wanaweza kukaa meza moja, kazi zao zikafanana, mmoja akapokea mshahara na mwingine akapokea insentivu ambayo haimalizi hata deni la dukani. Inauma, ila huyo si supavaiza wako. Huo ni mpango mkubwa kuliko yeye. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakubali mkimbizi afanye kazi, lakini kibali cha daraja M wengi wetu tunakisikia tu kwa majina. Ukimnunia bosi kwa hilo unamnunia mtu asiyeshika ufunguo. Jambo la pili ni nani alichaguliwa na kwa nini. Hilo limefanywa na mkono wa mtu unayemwona kila asubuhi, na linaweza kuulizwa.

Na kabla ya kuuliza, jichunguze kidogo. Kambini Mkongo anasema ofisi ni ya Wasomali, Msomali anasema ni ya Wasudani Kusini, Mrundi anasema ni ya Wakongo. Wote hawawezi kuwa sahihi kwa siku moja! Wakati mwingine aliyepita mbele yako anajua Kiturkana au Kidinka, na kazi yenyewe ilihitaji lugha hiyo. Huo si upendeleo. Upendeleo ni pale tangazo linapobandikwa Ijumaa jioni na Jumatatu mtu tayari amevaa koti la shirika.

Dada mmoja ninayemfahamu alipitwa hivyo mara tatu. Wenzake wakamwambia aache, mama yake akamwambia avumilie. Hakufuata hata mmoja. Aliandika karatasi yenye maswali matatu: tangazo lilibandikwa tarehe gani, waliofanya usaili walikuwa nani, na mimi nilipungukiwa nini? Akapeleka, nakala akabaki nayo. Hakulaumu, hakutaja kabila la mtu. Ile nafasi hakuipata, tusidanganyane. Lakini nafasi iliyofuata tangazo lilikaa ubaoni wiki nzima, na watu wawili wa idara nyingine waliitwa kwenye usaili. Mimi naona karatasi ile ilifanya kazi kuliko barua kumi za kuacha kazi.

Maana fikiria kinachotokea ukiondoka kwa hasira. Mtu wa mjini akiacha duka hili anaenda kuomba la jirani. Sisi hata kutoka kambini tunahitaji kibali cha safari. Tangu Marekani ikate misaada mwaka 2025, nafasi za insentivu zimepungua na wanaozitafuta wameongezeka. Kiti unachokiacha hakitalala wazi; atakalishwa mtu wao mwingine. Na wewe umeondoka bila barua ya utumishi, miaka minne imebaki mdomoni tu.

Wazee wetu watasema mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini zipo mbivu zinazooza mtini mtu akizingojea. Kukaa bila tarehe ni kubaya kama kuondoka bila mpango. Jiwekee muda, tuseme miezi sita. Ndani ya huo muda omba barua, chukua kila mafunzo yanayokuja hata yale madogo, tafuta upande mwingine kimyakimya. Muda ukiisha na maswali yako hayajajibiwa, ondoka kichwa kikiwa juu, na mwezi wa mwisho fanya kazi vizuri. Mameneja wa mashirika haya wanajuana.

Kuna hali moja ambayo haingoji miezi sita. Ukiambiwa nafasi ipo ila utoe kitu kidogo, au uje nyumbani kwake jioni, hapo tumetoka kwenye upendeleo. Umoja wa Mataifa una kanuni tangu 2003 inayokataza kubadilishana ajira au msaada na ngono, na mashirika yanayofanya nao kazi yanabanwa nayo pia. Ripoti, na usiende peke yako.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: sanduku la malalamiko ambalo ufunguo wake anao supavaiza anayelalamikiwa ni pambo la ukutani. Bandikeni matangazo siku saba, kwa lugha zinazosomwa kwenye bloki. Usaili usifanywe na mtu mmoja. Na aliyekosa aambiwe kwa nini alikosa, hata kwa dakika tano chini ya mti. Hayo hayahitaji bajeti mpya, na mwalimu wenu mzuri hatarudisha kitambulisho katikati ya muhula darasa la watoto mia likabaki bila mtu.