"You" moja, watu wangapi?

Neno la Kiingereza "you" limebeba mizigo mingi. Humtaja mtu mmoja, au ukumbi mzima. Likiwa mtenda au mtendwa, halibadiliki. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa na "thou" la mtu mmoja, likafifia katika mazungumzo ya kila siku. Kiswahili bado kinahesabu watu: wewe unakuja, ninyi mnakuja, nakupenda, nawapenda.

Ndiyo maana mtoto anayefikiri kwa "you" huongea na babu na bibi pamoja kwenye simu, akasema, "Nakupenda." Mmoja kapendwa, mwenzake kabaki pembeni!

Wapo wanaosema, "Mwacheni, ameeleweka." Mimi naona tusimwache. Hiyo si sarufi tu. Ni kumwona kila aliyepo. Wazazi, msimcheke wala msihamie Kiingereza. Rudieni sentensi ilivyo sahihi, kisha mazungumzo yaendelee.

Nanyi watoto, mkipiga simu nyumbani wiki hii, ulizeni kwanza nani wapo. Wakiwa wawili au zaidi, anzeni hivi: "Shikamooni!"